Kujifunza IPv6: kozi, mtihani au maabara ya nyumbani?

Fundi wa Mwanjelwa: Ndugu wanajukwaa, ninahudumia mitandao ya ofisi ndogo hapa Mbeya na ninataka kuielewa IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti, kwa undani, si kujua tu kwamba anwani yake ina biti 128 badala ya 32 za IPv4, toleo la zamani. Nimeona kozi za AFRINIC na za RIPE NCC Academy, ambazo hazilipiwi, pamoja na mtihani wa kampuni ya Hurricane Electric unaopanda ngazi kwa ngazi hadi ya juu kabisa, Sage. Intaneti yangu ni ya modemu yenye laini ya simu. Nianze na ipi?

Binti Kihesa, Iringa: Kaka, anza na RIPE NCC Academy. Shirika hilo linahudumia Ulaya na nchi jirani zake, lakini itifaki ni ileile. Kozi za AFRINIC zitakufaa zaidi utakapofanya kazi na mtoa huduma, kwa kuwa huko ndiko bara letu linakoombea anwani.

Mkufunzi wa Iyunga: Mtihani wa Hurricane Electric ni mzuri kwa sababu unakulazimisha kuendesha seva ya tovuti na ya barua pepe inayofikika kwa IPv6, ila handaki lao, yaani njia inayobeba IPv6 ndani ya IPv4, huhitaji anwani ya IPv4 ya umma, ambayo laini nyingi za simu hazikupi kwa kuwa wateja wengi huchangia anwani moja. Kwa hali yako, ningeanza na maabara ndani ya Linux: amri ya ip netns hutenga mitandao kadhaa katika kompyuta moja, programu ya radvd ikatangaza anwani kama ruta, na bando lako lisiguswe.

Mzee wa Makambako: Vijana, kagueni pia umri wa somo. Linalofundisha anwani za ndani zinazoanza na fec0 limepitwa na wakati, maana ziliondolewa mwaka 2004. Linalotegemea RFC 2460, waraka wa zamani wa kanuni za IPv6, halijafika kwenye RFC 8200 ya mwaka 2017. Na likikuelekeza kuzuia ICMPv6 yote, yaani ujumbe wa udhibiti wa IPv6, liache hapohapo, kwani bila hiyo kompyuta haziwezi hata kutafutana.

Fundi wa Mwanjelwa: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mwalimu, maabara ikisimama, nisome RFC ipi kwanza?

Mkufunzi wa Iyunga: RFC 4861, kabla ya 8200. Inaeleza kazi ambayo katika IPv4 hufanywa na ARP, yaani kutafuta anwani ya kifaa jirani, na ukiiwasha tcpdump, programu ya kutazama pakiti, pembeni utaona kila ujumbe unaousoma humo ukipita.