Pijo 404 ya 1967: kioo kipi cha pembeni ndicho orijino?

MwanaWaJadida (Wete)

Asalaam alaykum wakubwa. Nna gari ya marehemu baba, Pijo 404 ya 1967, usukani kulia. Enzi zake ilikuwa teksi ya Wete na Chake, kisha ikakaa chini ya mwembe mpaka paa likajaa utomvu. Sasa bodi imeshasimama, mashine inanguruma, nimekwama kwenye vioo vya pembeni.

Mlango wa kulia una matundu mawili matupu. Wa kushoto una matundu matatu yaliyozibwa puti. Mtu mmoja wa Dar ananiuzia jozi kwa laki tatu na nusu, "orijino kabisa ya 404". Nikamwomba picha ya nyuma: kuna kiboksi kidogo chenye herufi e ndogo na namba 3.

Juzi nafukua kopo la maziwa ambalo baba alikuwa akitia skrubu, nikatoka na kioo kimoja cha duara, kizito kama jiwe la mizani, kromu imefanya malengelenge. Nyuma kimepigwa chapa "Bté S.G.D.G." Simba, nembo ya Pijo, hayupo popote. Kipi ndicho cha gari hii? Harusi ya dada yangu ni Mfunguo Tatu na bibi harusi keshasema hapandi gari nyengine.

FundiBodi_Saateni

Waalaykum salaam. Mwanangu, hizo laki tatu na nusu zishike kwanza.

Hicho kiboksi chenye e ni alama ya ukaguzi wa Ulaya, na namba ni ya nchi iliyokipitisha: 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 11 Uingereza. Sheria yake ya vioo ni ya 1971. Gari yako ni ya 1967. Basi kioo hicho kimezaliwa gari ishakula miaka minne barabarani. Pengine ni kizuri, pengine kilifungwa kwenye 404 za mwisho mwisho, maana Ufaransa waliendelea kuzitengeneza mpaka 1975. Lakini cha kwako si hicho. Na ukiletewa chenye E kubwa ndani ya duara, hicho hata usikitazame: kanuni yake kwa vioo ni ya 1981.

Cha kopo sasa. "Bté S.G.D.G." ni maneno ya hataza (haki ya mvumbuzi) ya Kifaransa, maana yake imesajiliwa bila dhamana ya serikali. Waliyaandika tangu sheria yao ya 1844, na ikaachwa 1968. Usishangilie bado, kwa sababu kiwanda hakivunji kalibu yake siku sheria inapobadilika. Chapa kama hiyo inaweza kuendelea kutoka baadaye. Ila inaelekea upande wako.

Simba asikusumbue. Vioo vilikuwa vikinunuliwa kwa watengenezaji wa vipuri. Tena gari nyingi za Kifaransa za wakati ule zilitoka na kioo kimoja tu upande wa dereva, au bila hata hicho, ukanunua kwa wakala. Neno "jozi" peke yake lilitosha kunitia shaka.

Hebu fungua kava la mlango kwa ndani, tia tochi. Tundu la kiwandani lina rangi ya mwanzo hadi ukingoni, mara nyingi na kibati cha kuimarisha nyuma yake. La fundi wa mtaani lina kutu na makucha ya bati. Kioo kinaweza kusema uongo, mlango hausemi.

Mzee_wa_Vespa

Yakhe, kioo ni kioo. Mie yangu ina kioo cha Vespa mwaka wa sita huu, na sijagonga hata mbuzi. Kama unataka kujua kilikaaje, tazama picha za Safari Rally.

FundiBodi_Saateni

Picha za Safari ndizo zitakazompoteza. Kweli 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, lakini gari za mashindano zilifungwa walichotaka wenyewe.

Mchangani504

Nami niongeze, maana nimeumia. Nilikuwa na Pijo 504 ya kuunganishwa Mombasa, vioo vya plastiki nyeusi. Nikaagiza cha kromu kutoka Ufaransa, kwenye picha kimekaa upande wa dereva, nikalipa. Kimefika, nimekifunga, kinatazama minazi! Dereva wao anakaa kushoto, na mkono wa kioo umepindwa kwa upande wake. Cha duara chenye kifundo cha kuzunguka kina afadhali, hukaa pande zote mbili.

MwanaWaJadida (Wete)

Nimefungua milango yote miwili jana baada ya alasiri.

Kulia: chini ya kijani cha teksi kuna rangi ya maziwa, ndiyo ya mwanzo, nayo imeingia mpaka ndani ya matundu. Nyuma kuna kibati kimechomelewa vizuri. Nimepaka wino kitako cha kile kioo cha kopo, nikakigonga kwenye karatasi ya daftari, nikaiweka juu ya mlango. Matundu yamekaa sawasawa, hata unywele haukupita.

Kushoto ni msiba. Matundu matatu, moja limechanika kama kopo lililofunguliwa kwa msumari. Mama kanambia, "Hilo alitoboa baba yako mwenyewe, siku alipokoswa na lori la karafuu."

Sumaku haishiki kile kioo. Ni salama? Na nikipeleke kupakwa kromu upya?

FundiBodi_Saateni

Salama, mwili wake ni aloi ya zinki, ndiyo maana ya uzito na ya malengelenge. Usimpe mtu akakisugua kwa mashine, aloi ile laini itaisha na chapa itafutika. Kisafishe kwa kitambaa na mafuta, yanayobaki yabaki. Mpako wa nyuma ya kioo ukiwa umelika pembeni, kata kioo kipya cha duara, mwili usiuguse.

Kabla ya kukaza, kata mpira wa tyubu ya baiskeli uweke kati ya kitako na mlango. Zinki juu ya chuma kwa hewa yetu ya chumvi, vitalana. Matundu ya kushoto yachomelewe, utoe ile puti.

MwanaWaJadida (Wete)

Ahsante fundi. La kushoto nimeamua libaki. Nalizuia kutu tu, nalifunika kwa kibati kidogo. Yule wa Dar kashuka mpaka laki na themanini, sijamjibu.