Naomba ushauri: mdogo wangu huvuta wenzake kwenye mbio za baiskeli, yeye hashindi

Salaam jamani. Mdogo wangu yuko hapa Malindi, kila alfajiri anaipiga baiskeli barabara ya Gede hadi Kilifi. Mita 200 za mwisho za mbio si zake. Kipaji chake ni kukaa mbele kwa kasi kubwa, kumkinga mwenzake upepo, kisha kumwachia amalize. Kazi hiyo ina heshima yake: Mark Renshaw na Michael Mørkøv walimfanyia mwenzao Mark Cavendish, aliyefikisha ushindi wa hatua 35 (mbio za siku moja moja) za Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mwaka 2024.

Ila huku kwetu anayetazamwa ni mshindi tu. Inaniuma, kijana anajituma mno. Timu za nje humpimaje mtu wa aina hii? Atume video, vipimo vya nguvu anayokanyagia pedali, au lazima kwanza ashinde mwenyewe? Mliopitia njia hii, nielekezeni tafadhali.