Opera ya Parsifal: Ni kweli mtunzi wake, Wagner, alikuwa hali nyama?

Mhariri_wa_programu: Habari wadau. Naandaa ukurasa mmoja wa maelezo kwa watakaokuja kutazama Parsifal. Rasimu inasema Wagner hakula nyama, na kwamba tukio la kijana Parsifal kumuua bata maji kwa mshale limetokana na barua yake ya kutetea wanyama. Nizipitishe sentensi hizo?

Kinanda: Usizipitishe. Katika makala yake "Religion und Kunst" ("Dini na Sanaa", 1880) aliwahimiza watu waache nyama, ila mezani kwake haikukoma. Andika "alihubiri". Ya pili imekosea tarehe: maneno ya Parsifal yalikamilika 1877, barua ya wazi kwa Ernst von Weber, ya kupinga kuwapasua wanyama hai maabara, ni ya 1879. Bata maji katangulia. Kinachoviunganisha ni mwanafalsafa Schopenhauer, ambaye Wagner alianza kumsoma 1854. Kwa Schopenhauer huruma ndiyo msingi wa maadili. Ndiyo maana katika opera mzee Gurnemanz hamkaripii tu kijana. Anamlazimisha atazame damu iliyoganda, mabawa yaliyolegea, jicho lililofifia, hadi Parsifal anavunja upinde wake mwenyewe.

Jukwaa_la_nyuma: Mbwa wa Wagner nao wapo. Robber, Newfoundland mkubwa, alitoroka naye 1839 alipowakimbia wadai wake Riga, wakapigwa na dhoruba baharini wakielekea London. Russ, wa aina hiyohiyo, alizikwa 1875 kwenye bustani ya Wahnfried, nyumba ya Wagner huko Bayreuth, kando ya kaburi ambalo bwana wake alikuwa amejiandalia. Lakini mwisho wa opera yake nyingine, Götterdämmerung, shujaa wa kike Brünnhilde anaingia motoni na farasi wake Grane, na muziki unashangilia. Grane hakupewa nafasi ya kuchagua.

Msoma_barua: Nafasi ikiwa finyu, kata mbwa. Hili usilikate: makala hiyohiyo ya 1880 inamlaumu Mungu wa Agano la Kale kwa kupendelea mwanakondoo wa Abeli kuliko mazao ya Kaini. Mtu aliyeandika "Das Judenthum in der Musik" ("Uyahudi katika Muziki", 1850), makala ya kuwashambulia Wayahudi, hakugusa hilo kwa bahati mbaya. Huruma kwa wanyama ameigeuza fimbo ya kuwapigia Wayahudi.

Mhariri_wa_programu: Asanteni. Basi: "Wagner alihubiri kuacha nyama bila kuiacha, na utetezi wake wa wanyama ulichanganyika na chuki yake kwa Wayahudi."

Kinanda: Sawa. Ongeza 1877 na 1879, la sivyo msomaji atarudi kwenye kosa lile la kwanza.