Tupeane uzoefu: mliofuga kuku uani kabla viwanja havijajaa, sasa mnaishije na majirani?

Jogoo wa Goba

Wakuu, habari za jioni. Nilihamia Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwaka 2009. Kushoto kwangu kulikuwa na mikorosho, nyuma kuna pori la mtu aliyekuja mara moja kwa mwaka kuangalia kama vigingi vyake bado vipo. Nikaanza na tetea watatu na jogoo mmoja, zawadi ya mama mkwe, walisafiri kutoka Singida wakiwa wamefungwa miguu chini ya kiti cha basi. Asubuhi nafungua kibanda, jioni wanarudi wenyewe. Nawarushia pumba kiganja kimoja ili wasisahau kwao. Nikawa najigamba kazini kwamba kuku wa kienyeji hana gharama.

Leo ndiyo nimeelewa. Gharama ilikuwepo, ila walioilipa ni wenye viwanja vya jirani. Mchwa, panzi, mbegu za majani, vyote vilikuwa vya watu. Mwenye pori kajenga, mikorosho imeisha, kila upande ni ukuta na ndani ya ukuta ni pevingi. Uzao wa kuku wale sasa unanimalizia pumba kwa kasi ambayo mke wangu ameanza kuihoji.

Na mwezi uliopita mjumbe wa mtaa kaja. Jirani mpya kalalamika kwamba jogoo anamwamsha saa nane usiku. Nilitaka kubisha, lakini ni kweli, anawika saa nane. Zamani hakuwa hivyo. Mliopitia haya mlifanyaje?

Dada wa Madale

Kaka, jirani ana taa ya ulinzi? Kama inamulika banda lako, huyo jogoo anadhani kumekucha. Wangu alikuwa hivyo hivyo, kila taa ikiwaka yeye anaadhini. Niliziba madirisha ya upande ule kwa viroba viwili viwili, nikaacha hewa ipite chini tu. Na kila jioni namtoa jogoo kwenye fito ya juu, namweka kwenye boksi la mbao lenye paa fupi. Jogoo akitaka kuwika vizuri lazima anyooshe shingo, akigonga kichwa ananyamaza. Alfajiri namfungulia.

Kisu Butu

Mchuzi wa nazi. Kesi imefungwa.

Jogoo wa Goba

Kisu Butu, huyo ana damu ya kuchi, ile mbegu ya kuku yenye miguu mirefu kama wa mbio. Sichinji. Dada wa Madale, taa ipo, tena ile inayowaka paka akipita. Nashukuru.

Mama Pumba, Kivule

Kwangu kelele hazikuwa shida. Shida ilikuwa kideri, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle.

Nilikuwa na kuku 34. Wakati nyumba zimeachana, ugonjwa ukiingia kwa mtu ulikuwa unaweza kuishia kwake. Sasa tumepakana ukuta kwa ukuta, kunguru wanatua kwangu na kwake, watoto wanaingia na ndala zile zile. Mwaka mmoja jirani alinunua kuku sita wa sikukuu mnadani akawachanganya na wake siku hiyo hiyo. Siku ya nne naona mmoja wangu kainama, kinyesi kijani, kesho yake shingo imepinda inaangalia mgongo. Nilikimbilia dukani, nikauziwa dawa ya unga. Jamani, kideri ni kirusi, hakina dawa. Ile hela niliimwaga. Wiki ilipokwisha nilibaki na wanne.

Kibaya zaidi, wengi tulikuwa tunawahi kuchinja anayeumwa ili tusipate hasara, na utumbo tunatupa shimo la taka lililo wazi. Tulikuwa tunaulisha mtaa mzima ugonjwa.

Afisa mifugo wa kata ndiye aliyenikalisha chini. Chanjo ya matone, ile ya I-2, tone moja jicho moja, kifaranga na jogoo sawa, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Uchanje walio wazima, na uchanje mapema kabla kiangazi hakijakolea, maana kinga inataka kama wiki mbili. Nikamwambia mimi nina kuku wanne, chupa ina dozi za kuku zaidi ya mia, nyingine nazipeleka wapi? Akanijibu, "Za majirani zako." Nilikasirika. Yaani nimchanjie kuku yule aliyeniletea msiba?

Lakini ndivyo ilivyo. Kuku wake wasipochanjwa, ugonjwa unabaki ukutani kwangu. Tukaanza nyumba tatu, tunachangia chupa moja. Yule jirani wa mnadani tulimpelekea zamu yake bila kumgusia lolote. Mume wangu hadi leo hajamsamehe.

Mkaazi wa Bububu

Hapa Unguja adui ni kunguru. Hawa kunguru wa India waliletwa miaka ya 1890 eti wasafishe taka za mji. Taka hazijesha na vifaranga vyetu ndo vimekwisha. Kuku akitotoa kumi na moja, ukigeuka kutia maji ndoo, vimebaki saba.

Bibi alikuwa akivipaka rangi ya ukili, ile ya mikeka, vifaranga vyote zambarau. Vinaonekana kioja, lakini kunguru na mwewe walikuwa wanasita. Kwa siku chache tu lakini, wakishazoea wanachukua na rangi yake. Mie sasa natumia tenga kubwa, mama anakaa ndani na wanawe mpaka waote manyoya ya bawa. Na wavu juu ya uwanja. Bila wavu unawafugia kunguru.

Kuku wa Ploti, Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Mimi nina ploti ya hamsini kwa mia, nyumba imechukua nusu. Chama cha wakaazi kiliandika sheria: jogoo hapana. Mzee mmoja hapa akauza kuku wote akisema tetea bila jogoo hawatagi. Wanataga! Ni yai halitaanguliwa tu, la kula ni lile lile. Nina tetea kumi na wanane, kienyeji wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya hapa Kenya, na hakuna mtu amelalamika. Vifaranga nanunua.

Kwa chanjo nami nilipata hasara. Ile ya kuweka kwa maji, nilitumia maji ya mfereji. Kumbe dawa ya kusafisha maji ndiyo huua chanjo. Niliona nimechanja, kuku wakafa vile vile, na nikamlaumu mwenye agroveti bure. Siku hizi natumia maji ya mvua na kijiko cha maziwa ya unga.

Asiyefuga

Naomba na mimi niseme, kwa sababu mimi ndiye yule jirani, si wa Goba, lakini wa mahali kama hapo. Jogoo nilimzoea. Ambacho sikuzoea ni nzi. Mwenzangu alikuwa na kuku wa mayai mia mbili kwenye banda lililoegemea ukuta wangu, maranda yalikuwa yanaloa hayabadilishwi, mvua ikinyesha tunakula chakula tumefunga madirisha. Nilipomwambia alinijibu, "Nilikukuta hapa?" Hilo jibu ndilo lililonipeleka serikali ya mtaa, si harufu.

Baadaye alihamisha banda upande wa pili na kupunguza kuku. Mbolea yake naichukua mimi, naiacha ioze miezi kadhaa kwanza, maana mara ya kwanza niliitia mbichi na mchicha wote ukaungua. Kusalimiana tunasalimiana. Nzi bado wapo.

Chungu Kimoja, Morogoro

Jogoo wa Goba, kuhusu chakula. Mchwa bado wapo hata kwenye mji, ni kuwaita tu. Chukua chungu kikuukuu, jaza mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe, nyunyiza maji, kigeuze mdomo chini penye njia ya mchwa jioni. Asubuhi mapema funua, wape vifaranga. Jua likishawaka utakuta wamerudi chini. Ila usiweke karibu na mlango wa mbao. Usiniulize nilijuaje.

Jogoo wa Goba

Mrejesho, wiki tatu baadaye. Viroba vimewekwa, boksi lipo. Sasa anawika kuanzia saa kumi na moja, na jirani kaniambia saa hiyo hata yeye anaamka. Taa hajaigeuza, nami sijamwomba.

Nimefuata ushauri wa Mama Pumba. Nimepita nyumba kwa nyumba: nyumba nne, kuku 71, na bata ambao sikuwahesabu. Chanjo ni Jumamosi. Chupa itakaa kwenye friji ya jirani yule yule maana yangu haigandishi tena. Mlio karibu leteni kuku wenu kwangu kabla ya saa mbili.

Mama Pumba, Kivule

Wewe! Usikusanye kuku wa nyumba nne uwanja mmoja, utajichanganyia ugonjwa mwenyewe. Chupa ndiyo inatembea, kuku wanabaki kwao. Iweke na barafu kwenye themosi ya chai, na ukitoka kila nyumba nawa mikono, safisha viatu. Wachanjwe jioni au alfajiri wakiwa ndani, usije ukamkimbiza kuchi mtaa mzima na tone mkononi.