Mrejesho: minyoo ya mbwa na mguu wa binti yangu (Malindi)

Wadau, nimerudi. Niliuliza hapa kuhusu Chui, mtoto wa mbwa wangu mwenye tumbo kama ngoma, na ule mstari mwekundu uliokuwa ukitambaa kwenye wayo wa binti yangu, akijikuna usiku kucha. Asanteni sana, hasa ndugu aliyesema ni minyoo ya safura ya mbwa iliyopenya ngozi kutoka mchangani, na kwamba nisimpake mafuta ya taa. Zahanati walisema hivyo hivyo. Alipewa dawa, na ndani ya wiki mstari ulikauka.

Chui alipimwa uzito kwanza kwa daktari wa mifugo, akapewa dawa, ikarudiwa baada ya wiki mbili. Kesho yake alitoa minyoo mirefu myeupe kama tambi. Nilishtuka! Sasa tumbo limerudi ndani na manyoya yanang'aa.

Tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni, ndiye aliyenishinda. Mwezi haukuisha nikaona vipande kama punje za mchele chini ya mkia. Mliniambia viroboto ndio wanaomleta, nami nikapuuza. Safari hii nimeua viroboto, nimefua tandiko lake kwa maji moto, na amepewa dawa ya tegu. Wiki ya tatu hii, sijaona punje.

Kinyesi nakizoa kila asubuhi kwa koleo kabla watoto hawajatoka. Mchanga wa uani bado siuamini, maana mayai ya minyoo hukaa humo miezi mingi, kwa hiyo watoto wanavaa ndala na kunawa kabla ya kula.