Naomba ushauri: ahadi za Copenhagen nizielezeeje kwa wamama wa vikoba?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vikoba, sasa kuna kikao cha kata na nimepewa dakika 15 niongelee ahadi za dunia za kutokomeza umaskini, nikakubali kwa kiherehere changu tu.

Nimesoma kiasi. Mwaka 1995 viongozi wa dunia walikaa Copenhagen, Denmark, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya jamii, wakatoa ahadi 10, kumaliza umaskini, ajira, kutomtenga mtu na kadhalika, halafu Novemba 2025 wakakutana tena Doha, Qatar. Mimi kilichonishika ni ile 20/20, yaani mfadhili anayekubali aelekeze asilimia 20 ya msaada na nchi inayopokea asilimia 20 ya bajeti kwenye huduma za msingi kama elimu, afya na maji.

Nikajaribia kwa wamama watatu, mmoja akauliza "wasipotimiza tunawashtaki wapi?" nikabaki natoa macho. Halafu Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha kipimo cha umaskini uliokithiri toka dola 2.15 hadi 3 kwa siku, nikazidisha kwa bei ya dola ya benki, jamaa mmoja akanambia nimechemka, eti hiyo dola inapimwa kwa uwezo wa kununua wa kila nchi.

Sasa naomba mnisaidie, huyo mama nimjibuje bila kumdanganya? Na hiyo dola 3 naigeuzaje iwe shilingi ambazo muuza mchicha atazielewa? Projekta hakuna, ni mdomo tu.