Tupeane uzoefu: kumzoesha mtoto wa mbwa kujisaidia nje

Mwanzisha uzi, Arusha

Wanajamvi, habari za majukumu. Mbwa wa wazazi wetu walikuwa wa uani: walizaliwa uani, wakala uani, na mahali pa kujisaidia walijichagulia wenyewe bila kumsumbua mtu. Sisi tunafuga katika nyumba za vigae, na wengine katika ghorofa zisizo na hata kipande cha ardhi, kisha tunashangaa mtoto wa mbwa wa wiki 8 anapokojoa katikati ya sebule. Wazee hawana la kutuambia kwa kuwa jambo hili halikuwahi kuwasumbua, na ndiyo maana nimeona tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyaona kwa macho yake. Naomba tueleze tulivyofanya, katika nyumba ya namna gani, na mbwa mwenyewe alitoka wapi, kwani hilo la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Nianze mimi. Jike langu, chotara wa German Shepherd, nilimchukua kwa mfugaji aliyewalea watoto wake kwenye banda la sakafu ya saruji, lililooshwa kwa mpira wa maji kila asubuhi. Banda lilikuwa safi, wala sina la kulalamikia. Alipofika nyumbani nikawa nampeleka kwenye ukoka kila baada ya mlo. Alinusa, akakimbiza panzi, akalala chali, na tuliporudi ndani, mara tu nyayo zake zilipogusa saruji ya jikoni, akachuchumaa. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba mtoto wa mbwa kabla ya wiki ya 3 hajisaidii mwenyewe: mama humlamba ndipo mkojo utoke, kisha akamsafisha. Kuanzia hapo mtoto hujikokota mbali na anapolala ili ajisaidie pembeni, na kufikia wiki ya 8 au ya 9 huwa ameshaanza kuhusisha haja na kile anachokikanyaga. Wangu alikuwa amejifunza vizuri sana, ila alichojifunza ni kwamba choo ni saruji.

Basi nikachukua bamba la saruji lililobaki kwenye ujenzi wa njia ya getini, nikalilaza juu ya ukoka nyuma ya nyumba, na juu yake nikapangusa lile tambara lililofutia mkojo wa jikoni ili harufu imwite. Kila alipoamka, alipomaliza kula au kucheza, nilimpeleka hapo akiwa na kamba, nikasimama kimya bila kumchezesha. Alipolizoea bamba nikaanza kulifukia kwa udongo kidogo kidogo, nyasi zikaota juu yake, naye akaendelea kwenda pale pale. Muda wote huo jikoni kulikuwa na kizuizi cha mbao mlangoni ili asifike peke yake.

Mchangiaji wa Nairobi

Ninaishi ghorofa ya 4 katika jengo lisilo na lifti, kwa hiyo habari za nyuma ya nyumba zinanipita. Hata hivyo shida yangu ya kwanza ilikuwa chanjo kuliko ngazi. Ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa haraka, virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na mfululizo wa chanjo kwa kawaida haukamiliki mpaka mtoto afikishe takriban wiki 16. Kumshusha kando ya barabara ambako mbwa wa mitaani hupita usiku kucha nilikuona ni kumtoa kafara. Kusubiri hadi wiki ya 16 ndipo nianze kumfundisha nako ni kumwacha ajifundishe mwenyewe sakafuni.

Wengi walinishauri nitandike magazeti. Nilikataa kwa sababu ile ile ya mwanzisha uzi: mbwa uliyemlea juu ya magazeti atakuwa na haki zote za kulikojolea gazeti lako la Jumapili ulilolitua kando ya kiti. Badala yake nilinunua ukoka uliokatwa pamoja na udongo wake kwenye kitalu cha miche, baada ya kuhakikisha kwamba kitalu chenyewe kina uzio na mbwa hawaingii, nikaupanga kwenye sinia pana la bati lenye kingo fupi, nikaliweka roshani. Ukoka ulipogeuka njano niliubadilisha, lakini kipande kimoja cha zamani nilikiacha kila mara kwa ajili ya harufu. Chanjo zilipokamilika nilikishusha kipande hicho na kukilaza chini ya mti ulio kando ya geti. Mbwa naye nilimbeba ngazi zote, kwa maana mtoto wa mbwa aliyetoka usingizini hukojoa katika hatua zake za kwanza, na majirani wa ghorofa ya 2 hawakuwa na hatia yoyote.

Kuhusu muda, kuna hesabu inayotumiwa na wakufunzi wengi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1, hizo ndizo saa anazoweza kubana mchana. Wa miezi 2 ni saa 3, wa miezi 3 ni saa 4. Tafadhali kichukueni kama kikomo, msikifanye ratiba. Anayecheza hufika mwisho mapema mno, na wa kwangu alitolewa mara nyingi zaidi ya hapo. Nilipokuwa kazini aliyemtoa ni dada anayetusaidia nyumbani, na tulikubaliana kutumia neno moja, mlango mmoja na mahali pamoja.

Mchangiaji wa Tanga

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya uwani wenye wapangaji kadhaa, na wengi wao ni Waislamu. Huku pwani wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Uwani ndipo watu wanapoanika nguo na kutandika mikeka, kwa hiyo kumwachia mtoto wa mbwa azurure na kujichagulia mahali lilikuwa jambo lisilowezekana. Nilianza kwa kubisha hodi kila mlango kabla ya kumleta. Tulikubaliana mahali pake pawe nyuma ya bafu la nje, penye mchanga, mbali na kamba za nguo na kisima, nami niwajibike kuzoa kila siku.

Nilichofanya baadaye ni kumfunga kamba ndefu kiasi na kuifunga ncha yake kiunoni mwangu. Nikipika, yuko miguuni. Nikikaa kushona, yuko chini ya cherehani. Mtu akikaa na mbwa kwa ukaribu huo huzijua dalili zake kwa muda mfupi: huacha alichokuwa akikitafuna, huinamisha pua, huzungukazunguka mahali pamoja, na mkia huinuka kidogo. Hapo unazo sekunde chache tu. Bibi mmoja, jirani yangu wa mlango wa kwanza, ambaye mbwa hamgusi na wala hatarajii kumgusa, alikuja kuzijua dalili hizo kuliko mimi. Akiwa barazani na kahawa yake huniita, «Mwanangu, mtoe huyo, ameanza kuzunguka,» na hajawahi kukosea.

Mchangiaji wa Mwanza

Niongeze moja tu. Zawadi yangu ilikuwa dagaa wakavu, kwa sababu ni rahisi, hawachafui mfuko, na mbwa huwapenda kuliko biskuti za dukani. La muhimu ni wakati wa kumpa: pale pale nje, mara tu anapomaliza, kabla hajainua mguu kurudi. Nilimwona ndugu yangu akimngojea mlangoni na kipande cha nyama. Mbwa alijifunza upesi kwamba nyama hupatikana kwa kuingia ndani, akawa anakojoa nusu ili awahi mlangoni, na nusu iliyobaki anaimalizia sebuleni.

Mchangiaji wa Moshi

Pamoja na heshima zote, naona mnalipamba jambo dogo. Babu yangu alipomkuta mbwa amekosea ndani alimsugua pua kwenye uchafu wake, akampiga kofi moja na kumtupa nje. Hakuwa na sinia la ukoka wala dagaa mfukoni, na mbwa wake hawakuwahi kuonekana wakikojoa ndani.

Mchangiaji wa Morogoro

Mkuu wa Moshi, umeandika neno la kweli pengine bila kukusudia: hawakuwahi kuonekana. Mimi ni daktari wa mifugo, na nyumba za aina hiyo naingia mara nyingi. Mbwa aliyesuguliwa pua hashindwi kuelewa kwamba mtu amekasirika, bali anashindwa kuhusisha hasira hiyo na jambo alilolitenda dakika nyingi zilizopita. Anachoshika ni kwamba mtu na mkojo vikikutana kuna hatari. Ndipo anaanza kujisaidia nyuma ya makochi, na ukimtoa nje kwa kamba anakukodolea macho bila kutoa hata tone, kwa sababu wewe umesimama hapo. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi kidogo ashtuke, mbebe nje amalizie, mpongeze. Ukikuta dimbwi tu na yeye hayupo, chukua tambara.

Na hilo tambara lina kanuni zake. Msisafishe mkojo kwa dawa yenye amonia, kwani mkojo wenyewe hutoa harufu ya namna hiyo na mbwa ataona mahali pake pamewekewa alama upya. Osheni kwa sabuni, suuzeni vizuri, kisha pakeni maji yenye siki. Kama kuna dawa ya vimeng'enya ya kuondoa harufu za wanyama, hiyo ni bora zaidi. Klorini iachieni kazi ya parvo, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, juu ya sakafu iliyokwisha kuoshwa na kusuuzwa, na isichanganywe kamwe na siki wala amonia, kwa maana hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Tena, si kila mkojo ni suala la mafunzo. Jike mchanga anayechuchumaa kila mara na kutoa matone tu, au anayelowesha anapolala, apelekwe kwa daktari. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo. Yule anayekojoa mgeni anapomwinamia ana woga au furaha iliyopita kiasi, na dawa yake ni mgeni kuchutama na kumwangalia pembeni. Mwisho, zoeni kinyesi kila siku. Mayai ya minyoo aina ya Toxocara hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki 2 au zaidi kwenye udongo ndipo yakomae, na wanaoyala ni watoto wenu wanaocheza hapo. Dawa ya minyoo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2 tu, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3.

Mchangiaji wa Minnesota, Marekani

Nimesoma habari ya bamba la saruji nikacheka peke yangu, kwa sababu huku limetukuta la theluji. Mbwa wetu alizoea nyasi kuanzia majira ya joto, akafuzu kabisa, kisha siku theluji ilipofunika kila kitu akasimama kizingitini akitazama kama mtu aliyeibiwa choo. Alirudi ndani akamalizia kwenye zulia. Mume wangu alichukua sepetu akafukua sehemu ndogo mpaka nyasi zikaonekana, tukawa tunaifukua upya kila theluji ilipoanguka, na tatizo likaisha. Wenye kuishi sehemu za baridi wakumbuke pia kumpangusa nyayo, maana chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu huzichoma.

Mchangiaji wa Bukoba

Kwetu theluji ni mvua. Wakati wa masika mtoto wa mbwa hagusi majani yaliyolowa, na huwezi kumlaumu. Nilisimamisha bati moja juu ya miti minne kati ya migomba, nikaacha chini yake ardhi kavu yenye majani, nikawa nampeleka hapo hata siku za jua ili pasiwe mahali pageni mvua ikija.

Usiku nilimlaza kwenye kasha la mbao kando ya kitanda changu, lenye nafasi ya kugeuka na kujinyoosha tu, kwa kuwa mbwa huepuka kuchafua anapolala, na kasha likiwa kubwa hugawa pembe moja iwe choo. Chakula cha jioni alikipata mapema kwa saa maalumu. Alipolia usiku nilimtoa gizani bila maneno, bila mchezo, na tukarudi kulala mara tu alipomaliza, la sivyo angejifunza kulia ili tucheze.

Mchangiaji wa Nairobi

Dada wa Minnesota amegusa jambo nililosahau kuandika. Mbwa aliyezoea ukoka, kitu kinachofanana nao zaidi ndani ya nyumba ni zulia: ni laini, linanyonya, halimrushii matone miguuni. Kwa hiyo usimfungulie nyumba nzima kwa siku moja kwa kuwa tu hajakosea jikoni. Mimi nilifungua chumba kimoja baada ya kingine, nikihakikisha amekula na kulala katika kila kimoja kabla ya kuendelea, na wengi hawaaminiki kabisa mpaka wafikishe miezi 6 au zaidi. Sebule niliifungua mwisho, na zulia nilikuwa nimelikunja na kuliweka juu ya kabati.